Daftari la Kaskazi, Tanga

Jumanne, 4 Februari 2025

Mayai yamepungua tena. Mawili kati ya niliyookota leo yana ganda jembamba hata linabonyea kwa kidole. Kijana anayeniletea chakula cha kuku ameshauri niwaongezee chokaa. Chokaa wanayo tele, tatizo lao ni pumzi. Kuku hana tezi za jasho. Mwili wake uko kwenye nyuzi 41 hata akiwa mzima wa afya, na banda likipita nyuzi 30 njia yake kubwa ya kujipoza ni kuachama mdomo na kuhema. Kila akihema anapoteza kabonidayoksaidi zaidi kuliko anavyotakiwa, damu inapungukiwa asidi, na ganda la yai linakosa malighafi. Kalisi imejaa tumboni, kaboneti ya kuungana nayo imetoka na pumzi.

Kuanzia kesho wale alfajiri na jioni. Mchana vihori vitoke kabisa, maana kusaga chakula nako kunazalisha joto. Maji yabadilishwe saa nne, saa saba na saa tisa, na vyombo vihamie chini ya mwembe. Kijana kaniambia, "Mwalimu, kuku wako watakonda." Wakonde, ilimradi wafike masika.

Ijumaa, 7 Februari

Umeme ulikatika saa tano usiku, feni ikasimama, na usingizi ukaondoka nayo. Nimekaa barazani hadi jogoo wa kwanza. Mtaa mzima ulikuwa nje: watu kwenye mikeka, mtoto mchanga wa jirani akipepewa na kifuniko cha ndoo.

Mwili hauwezi kulala vizuri bila kupoa kidogo kwa ndani. Jioni damu husogea mikononi na miguuni ili joto litoke, nasi tunaanza kupiga miayo. Sasa litoke liende wapi, kama chumba chenyewe kina nyuzi 30 saa sita ya usiku? Matofali ya saruji yamekunywa jua mchana kutwa na yanalirudisha usiku. Bati bila dari halina tofauti na kikaango kilichofunikwa juu ya kichwa.

Watu wa rika langu hupenda kuzisifia nyumba za udongo na makuti. Mimi nimelala humo utoto wangu wote kule Muheza. Ni kweli zilikuwa baridi. Zilikuwa pia na nge, zilivuja, na cheche moja ya jikoni ilitosha kumaliza kitongoji. Anayejenga kwa bati hajapotoka. Anachokosa ni fedha ya dari, na dari ndicho kitu cha mwisho watu kuweka na cha kwanza kuahirisha.

Jumapili, 9 Februari

Nimefunga vipimajoto viwili kwenye nguzo ya baraza, upande wa kivuli. Kimoja nimekiacha kikavu. Cha pili nimekizungushia utambi wa pamba ulioning'inia kwenye kikopo cha maji. Saa nane mchana: kikavu 32, chenye utambi 27.

Nikampigia mdogo wangu aliye Dodoma, mwalimu naye, afanye hivyo hivyo. Kikavu 32, utambi 22. Akacheka, "Dada, umestaafu au umehamia maabara?"

Joto lile lile, lakini kwake maji yanakauka haraka na kuchukua joto, kwangu hewa imeshashiba unyevu. Ndiyo maana mtungi wake unatoa maji ya kukata kiu na wangu hapa umebaki pambo. Ngozi nayo inafuata kanuni ya mtungi. Jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Lita moja ikikauka yote mwilini huondoka na kilokalori kama 580. Likidondoka sakafuni halijaondoka na joto la maana, limekupunguzia maji na chumvi tu. Watu wa pwani tunatoa jasho jingi na faida yake ni ndogo.

Mwaka 2010 Steven Sherwood na Matthew Huber waliandika kwamba kipimajoto cha utambi kikifika 35, binadamu hana tena pa kupeleka joto la mwili wake, hata akiwa amekaa kivulini na maji pembeni. Vipimo vya maabara huko Pennsylvania vilivyochapishwa 2022 vikaonyesha kwamba vijana wenye afya walianza kushindwa mapema zaidi, karibu na 31. Mimi si kijana, na baraza langu limeshafika 27 wala Machi haijaingia. Redioni watasoma "Tanga 32, Dodoma 32" kana kwamba miji hii miwili imekaa chini ya joto moja.

Jumatano, 12 Februari

Jirani wa nyuma amefungua mashine yake ya kutotolesha na kukuta nusu ya mayai ni viza. Alikuja amekunja uso, akiamini mashine imeharibika. Tumeipima pamoja: 37.5 sawasawa, na chombo cha maji kimejaa. Mashine haina kosa. Nikamuuliza mayai aliyaweka wapi kabla ya kuyaingiza. Juu ya kabati, alikuwa akiyakusanya taratibu hadi yatimie.

Hapo ndipo yalipokufa. Yai lenye mbegu hulala likiwa kwenye ubaridi. Likipita nyuzi 21 hivi, chembe zake huanza kugawanyika polepole, bila kufikia joto la kuzifanya zikue sawasawa. Juu ya kabati la Tanga mwezi wa pili mayai hayo yalikuwa yameamshwa nusu, kwa siku nyingi. Wataalamu husema yahifadhiwe kwenye nyuzi 15 hadi 18. Joto hilo hapa utalipata wapi? Friji lake ni baridi mno na limejaa barafu za ukwaju za kuuza. Tumekubaliana akusanye kwa siku chache tu na kuyaweka kwenye beseni la mchanga mbichi, chumba cha chini cha shemeji yake, kule ambako jua halifiki. Mchanga ule hautafika 18, lakini utakuwa nafuu kuliko kabati.

Nyuzi 37.5 unapata kifaranga. Ukiyaacha kwenye 40, unaanza kupoteza vifaranga. Sijui kama kuna jambo jingine katika maisha yetu ya kila siku tunaloliachia nafasi nyembamba namna hiyo.

Jumamosi, 15 Februari

Asubuhi sokoni kwa samaki. Jodari wengi, barafu kidogo. Nilimgusa mmoja tumboni, akawa vuguvugu, nikapita.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu wamekula jodari juzi na wote wakawaka nyuso kwa wekundu, kuwashwa, kichwa kugonga. Wamekwenda dukani wakapewa dawa za mzio, wakapona, na sasa mama mwenye nyumba anatangaza kwamba ukoo wao "hauelewani" na jodari. Nimemweleza kwamba ukoo hauna neno. Nyama ya jodari na ya vibua ina histidini nyingi, na samaki akikaa juani saa chache bakteria huigeuza kuwa histamini. Ikishakuwemo haitoki. Umkaange, umchemshe, umtie ndimu na pilipili, iko pale pale, na mara nyingi samaki hanuki wala haonyeshi kubadilika. Kinachomwokoa mlaji ni barafu tangu baharini.

Mvuvi mzee aliyekuwa amekaa kwenye ngazi akaniuliza kama nimewahi kuona silikanti. Namjua kwa picha tu. Yeye amemshika mkononi: waliingia kwenye majarife yaliyotegwa kina kirefu, miaka ile ya 2000 mwanzoni, samaki ambaye hadi 1938 wataalamu walidhani alitoweka pamoja na madinosauri. Kwa ajili yake serikali ilitangaza hifadhi ya bahari hapa Tanga mwaka 2009. "Akifika juu anakuwa kama mlevi," mzee alisema, "hata ukimrudisha."

Maelezo yako kwenye maji. Silikanti hukaa kwenye mapango ya kina cha mita 100 na zaidi, ambako maji yana nyuzi kama 14 hadi 22. Maji ya juu hapa sasa yanakaribia 30, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo huku mwili uliopashwa joto ukidai nyingi. Anapopandishwa anakosa hewa ndani ya maji. Mamilioni ya miaka ameishi kwa kukaa chini tu. Jarife limemtoa alikojificha.

Jumamosi, 22 Februari

Habari: Sudan Kusini wamefunga shule kwa wiki mbili kwa sababu ya joto. Watoto walikuwa wakianguka darasani Juba.

Nimekumbuka vipindi vya saa saba mchana, wanafunzi sitini chini ya bati, mlango mmoja. Kila mwalimu anajua kwamba hesabu haifundishiki saa ile. Ratiba inapangwa na watu waliokaa kwenye viyoyozi, nao hupenda kuanza na gwaride la asubuhi, wakati hewa bado ina afya, kisha hesabu inasukumwa baada ya chakula. Ningekuwa na amri ningegeuza.

Jumanne, 25 Februari. Lushoto

Msiba wa upande wa marehemu mume wangu. Basi la alfajiri ya jana.

Baada ya Muheza, na hadi karibu na Mombo, mkonge ulikuwa ukija na kuondoka dirishani, mistari iliyonyooka. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi elfu moja kutoka Florida. Vilivyofika Tanga vikiwa hai mwaka 1893 vilikuwa 62, na kwa hivyo 62 ikapatikana nusu ya historia ya mkoa huu. Kilichonishughulisha mimi njiani ni jinsi mkonge unavyopumua. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana, ichukue kabonidayoksaidi wakati jua lipo, na inalipia kwa maji yanayopotea. Mkonge hufunga mchana kutwa. Usiku, hewa ikipoa, ndipo unafungua, unachukua kabonidayoksaidi na kuihifadhi kama asidi, halafu mchana unaitumia ukiwa umejifungia ndani. Unakua polepole, lakini unakua mahali ambapo mahindi yamekauka. Waliokuwa wakiukata kwa panga enzi za mashamba ya wakoloni walitoka gizani ili wamalize kazi yao kabla jua halijapanda. Mmea na mkataji wote walikuwa wakikimbilia upande ule ule wa saa.

Tulipanda kona za Soni. Masikio yakaziba, madirisha yakafungwa, kina mama wakatoa vitenge vya kujifunika. Kila mita 1,000 hewa hupoa kama nyuzi sita na nusu. Lushoto iko kwenye 1,400 hivi, na Wajerumani walioiita Wilhelmstal walikuja hapa kwa sababu hiyo hiyo. Usiku nimelala saa nane mfululizo chini ya blanketi. Asubuhi chupa ya mafuta ya nazi niliyoibeba kwa ajili ya ngozi ilikuwa imeganda, nyeupe pe. Mafuta hayo huganda kwenye nyuzi 24. Nyumbani sijayaona magumu tangu kipupwe.

Jumatano, 26 Februari. Lushoto

Wifi yangu ana homa, kipimo kimeonyesha malaria. Anashangaa, maana hajashuka pwani mwaka mzima. Zamani huku malaria ilikuwa ugonjwa wa wasafiri.

Kimelea kinapoingia tumboni mwa mbu kinahitaji muda wa kukomaa kabla hakijafika kwenye mate yake, na muda huo unapangwa na joto. Kwenye nyuzi 25 ni kama siku 12. Kwenye 20 unakaribia mwezi, na mbu wengi hawaishi mwezi. Chini ya 16 au 18 kinasimama. Kwa hiyo mlima huu ulikuwa na ukuta ambao hakuna aliyeujenga, na ukuta wa namna hiyo hausogei kwa kishindo. Nyuzi moja ikiongezeka, mbu yule yule aliyekuwa akifa na kimelea kibichi anaishi siku chache za kutosha. Sitasema kwamba homa ya wifi ndiyo hiyo. Amelala kwenye misiba Mombo na Korogwe, na hajanunua chandarua kwa sababu "huku hakuna mbu". Nimemwachia changu.

Jioni tulikwenda Magamba kusalimia. Pale shuleni, 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, wakitengeneza aiskrimu. Nafasi kwenye friza zilikuwa chache, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Aliuliza akachekwa. Akauliza tena akiwa Mkwawa, Iringa, mbele ya mgeni kutoka Chuo Kikuu, Denis Osborne, wenzake wakaona haya kwa niaba yake. Osborne akaenda kupima. Makala yao ilitoka 1969. Wataalamu hawajaafikiana hadi leo. Mwaka 2016 wawili wa Uingereza walipima upya na kusema hawaoni ushahidi wa kutosha. Kwangu mimi hilo halimpunguzii kitu. Darasani kwangu nilimtumia kwa jambo moja tu: kijana aliyeona kitu kwa macho yake na akakataa kuambiwa hakukiona.

Jumatano, 5 Machi

Nimerudi, na Ramadhani imeingia. Mji umegeuza saa zake. Mchana barabara tupu, usiku watu wamejaa, vitumbua, kaimati na uji wa pilipili manga hadi saa sita. Mwezi huu hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo wanaofunga sasa wanafunga katikati ya fukuto lenyewe. Ifike Agosti, na ule ubaridi wa kusi, ni zaidi ya miaka kumi na tano ijayo.

Wanaofunga wakiwa na duka au ofisi wanajipanga. Hulala mchana, huhamisha kazi usiku. Lakini pale kona wanajenga ghorofa, na vijana wanapandisha zege kwa ndoo, wengi wao wamefunga, kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja. Mkonge una saa yake ya kufungua, kuku wangu nimewahamishia chakula, samaki kule chini ana pango. Hawa vijana wana msimamizi mwenye orodha ya majina.

Jumatatu, 10 Machi

33. Utambi 28. Hakuna upepo. Kuku mmoja amekufa saa tisa.

Ijumaa, 14 Machi

Mpwa wangu amekuja kutoka Ushongo, Pangani, ambako anasaidia kulinda mayai ya kasa. Mengi huletwa kutoka Maziwe. Kisiwa kile nilikiona nikiwa msichana, kina mivinje na kivuli. Miti ilikwisha, mchanga ukakosa wa kuushika, na tangu miaka ya 1980 limebaki fungu la mchanga ambalo maji kujaa hulifunika. Kasa hawana habari hiyo, wanaendelea kupanda na kutaga, na yasipohamishwa mayai yanazama.

"Shangazi," kaniuliza, "ni kweli jua ndilo linalochagua dume na jike?" Ni kweli. Kasa hana kromosomu ya kuamua jinsia. Mchanga ukiwa karibu na nyuzi 29 wanatoka mchanganyiko. Ukiwa na joto zaidi wengi ni majike, ukipoa wengi ni madume. Ukizidi sana hawatoki kabisa. Kwa hiyo kiota kikiwa chini ya mti na kingine kikiwa wazi, vinaweza kutoa ndugu wa jinsia tofauti ufukweni pamoja. Akanyamaza, kisha akasema atauliza kama wanaweza kuezeka makuti juu ya baadhi ya viota. Swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa kwenye mtihani wa mazoezi.

Ameondoka na kipimajoto changu kikavu. Nimebaki na cha utambi.

Jumapili, 23 Machi

Mvua! Ilianza alasiri, upepo umegeuka, vumbi likanuka, halafu ikamwagika. Watoto uchi barabarani. Ndani ya nusu saa joto lilishuka nyuzi sita. Kuku wamekula vihori hadi chini.

Usiku kumbikumbi wamejaa kwenye taa. Mashimo ya barabara yamejaa maji pia, na maji hayo yakiwa na joto hili viluwiluwi vya mbu vitakomaa upesi. Kununua chandarua kipya kesho, badala ya kile cha Lushoto.

Jumamosi, 5 Aprili

Mayai yameanza kurudi, maganda magumu.

Fundi amekuja kupima dari. Anataka kuziba kila upande, "ipendeze". Nimekataa: juu ya dari lazima pawe na matundu pande mbili, hewa ya moto ipate pa kutokea, na bati tulipake rangi nyeupe kabla kutu haijalimaliza. Kaniambia nyeupe itachafuka. Ichafuke.

Nilimwomba aanze kazi saa kumi na mbili na kuacha saa tano. Akatazama chini, akasema yeye angependa, ila hajawahi kupewa saa hizo. Msaidizi wake, kijana wa pale ghorofani, alianguka mwezi uliopita. Alianza kwa kujibu maneno yasiyoeleweka, wenzake wakamcheka wakidhani ni utani, na jasho bado lilikuwa linamtoka. Nimemweleza fundi kwamba hiyo ndiyo alama yenyewe. Mtu anayefanya kazi juani akianza kuchanganyikiwa, asisubiriwe jasho likauke: kivulini mara moja, maji mwili mzima, apepewe kwa nguvu, na hospitali. Kumbe walimmwagia ndoo mbili kwa bahati tu, na akapona. Mwenye kazi alimkata nusu siku.

Tumekubaliana bei ya kazi nzima badala ya siku. Nusu amechukua leo, matundu ya hewa yameandikwa kwenye karatasi, na kijana wake atakuja naye. Wanaanza baada ya Pasaka, saa kumi na mbili.